Jibu la Mama Pacha

Kiwanda cha nguo kilipofungwa, wanawake themanini walitoka getini siku moja, kila mmoja na mto wa kiti chake kwapani, maana mito ile walikuwa wameishona wenyewe na hakuna aliyekuwa tayari kuiacha. Wawili kati yao walitoka pamoja, kama walivyokuwa wakiingia pamoja kwa miaka kumi na mmoja. Mmoja aliitwa Tepe, kwa sababu tepe ya kupimia haikuwahi kumtoka shingoni. Alikuwa mkataji, mkono wake mwepesi, maneno yake machache. Mwenzake alikuwa mkaguzi wa mwisho, mwenye kicheko cha kusikika mpaka stoo, na tangu alipojifungua watoto wawili kwa mpigo hakuna aliyemwita jina lingine ila Mama Pacha.

Walikaa nyumbani miezi mitano. Kisha kiwanda kingine, kipya, kikatangaza nafasi ya msimamizi wa zamu. Nafasi yenyewe moja tu. Wote wawili wakaomba, na wote wawili wakaitwa kwenye usaili, asubuhi ileile.

"Sasa tutafanyaje?" Tepe aliuliza.

"Tutafanyaje nini? Tutajiandaa pamoja, tutaenda pamoja, na atakayepata amepata. Atakayekosa ana ruhusa ya kununa siku mbili."

Mama Pacha alikuwa na shemeji yake aliyefanya kazi ofisini, naye akamwandikia kwenye karatasi maswali yanayoulizwa mara nyingi. Basi kwa siku tatu mfululizo, wanawe wakishakwenda shule, sebule yake iligeuka chumba cha usaili. Alisimamisha ubao wa pasi uwe meza ya wakubwa, akavaa miwani ya kusomea ya mumewe kwenye ncha ya pua, akakaa nyuma yake kama hakimu.

"Karibu. Jitambulishe."

"Mimi ni fundi mkataji, nimefanya kazi..."

"Unazungumza na viatu vyangu, mwenzangu. Mimi niko huku juu."

Tepe alicheka, akainua uso, akaanza tena. Alikuwa mgumu kama kitambaa kipya. Kila alipoulizwa amefanya nini, alijibu "tulifanya," "tulikata," "tulimaliza," na Mama Pacha alimgongea ubao kwa kijiko.

"Acha hiyo 'tuli'. Hawataki kuajiri kijiji kizima. Sema 'mimi'."

Siku ya tatu wakafika kwenye swali ambalo shemeji alikuwa amelipigia mstari mara mbili: *Tueleze siku ambayo kazi iliharibika, na wewe ulifanya nini.* Tepe alifikiri mpaka akatoka jasho.

"Basi ngoja nikupe langu, usikie linavyopangwa," Mama Pacha alisema, akaweka miwani pembeni.

Akasimulia habari za sare mia nne za bluu za wauguzi. Zilikuwa zimeshonwa zote, zinasubiri kufungwa, na mteja anakuja kesho yake mchana. Mama Pacha alibeba moja mpaka dirishani, akaona chini ya mwanga wa jua kwamba mikono ina bluu yake na kiwiliwili kina bluu yake. Majora mawili ya kitambaa yaliyotiwa rangi siku tofauti yalikuwa yamechanganywa, na chini ya taa za kiwandani tofauti ile haikuonekana. Alisimamisha ufungaji. Meneja alikuja juu kama moto wa petroli, akamwambia anachelewesha mzigo. Hakurudi nyuma. Alipanga meza nne, akawagawa wasichana, mikono yote ikafumuliwa, ikatengwa kwa rangi, kila mmoja ukashonewa kwenye kiwiliwili cha rangi yake. Kulipokucha mzigo ulikuwa tayari.

"Unaona? Tatizo, nilichofanya, matokeo. Halafu unanyamaza."

Tepe alikuwa ameinama, anachezea ncha ya tepe yake. Aliikumbuka siku ile kuliko mtu mwingine yeyote. Aliyechanganya majora yale alikuwa yeye. Ilikuwa Ijumaa jioni, alikuwa na haraka, akayatandika mezani pamoja bila kusoma vibandiko vyake. Meneja alipouliza kwa kelele ni nani, Mama Pacha alimjibu kwamba cha kufanya sasa ni kufumua, na jina la mtu halitafumua mshono hata mmoja. Hakumtaja siku ile wala baadaye. Hata sasa, kwenye sebule yake mwenyewe, alisimulia yote akairuka sehemu hiyo kama mtu anayeruka dimbwi.

"Wewe nenda ukatafute lako," alisema. "Huwezi kukosa."

Asubuhi ya usaili mama yake Tepe, aliyekuwa akiishi naye, alimpigia pasi blauzi mara mbili. Kwenye korido ya kiwanda kipya kulikuwa na benchi refu, watu saba wamekaa juu yake, kila mmoja na bahasha yake mapajani. Jina la Tepe lilikuwa la tano, la Mama Pacha la sita.

"Uso juu," Mama Pacha alimnong'oneza alipoitwa, akamtoa uzi begani.

Ndani walikuwa watatu: mama mmoja aliyevaa miwani yenye mnyororo, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wao, mwanamume mnene aliyeandika kila kitu, na kijana wa hesabu ambaye hakuongea. Maswali ya kwanza yalikwenda salama. Tepe alitazama juu, akasema "mimi", na hata akajishangaa. Kisha yule mama akavua miwani.

"Sasa tueleze siku ambayo kazi iliharibika mikononi mwenu, na wewe binafsi ulifanya nini."

Alikuwa na jibu lake. Alikuwa ameliandaa kitandani, habari ya mkasi wa umeme ulioharibika na jinsi alivyokata kwa mkono siku nzima. Lakini pale mbele ya macho sita jibu lile lilionekana dogo, tena la kitoto. Kichwa kikawa cheupe. Mwanamume mnene akainua kalamu, akasubiri.

"Kulikuwa na sare mia nne za bluu," Tepe alisikia sauti yake ikisema. "Nilichukua moja nikaipeleka dirishani."

Baada ya hapo haikuwezekana kurudi. Au iliwezekana, alikuja kujiambia baadaye mara nyingi, lakini hakurudi. Alisema nilisimamisha, nilimwambia meneja, nilipanga meza nne. Kila "mimi" lilitoka laini kuliko lililotangulia. Kijana wa hesabu aliacha kutazama simu yake.

"Na aliyechanganya majora alikuwa nani?" yule mama aliuliza.

"Mtu mmoja wa meza ya kukata. Sikumtaja. Niliona jina la mtu halitafumua mshono."

Yule mama alitabasamu, akamgeukia mwenzake. "Andika hilo."

Alipotoka, masikio yalikuwa yanamwaka. Mama Pacha alikuwa ameshasimama, anajinyoosha sketi.

"Vipi? Wameuliza nini?"

Hapo ndipo angeweza kumwambia. Neno moja tu lingetosha: *usiseme la sare.* Jina la sita lilikuwa bado halijaitwa, walikuwa wamesimama uso kwa uso. Tepe akamtazama machoni, akasema, "Ya kawaida tu."

Mama Pacha aliingia na kicheko chake. Alitoka mapema mno, dakika kumi hazikufika, na kicheko alikiacha hukohuko. Walitembea mpaka barabarani. Kwenye kona alisimama.

"Nilipofika kwenye habari ya dirisha wakaangaliana. Yule mnene akafunga daftari. Akaniuliza, 'Hadithi hii umeisikia wapi?' Tepe, mtu mzima kama mimi. Nikaulizwa kama mtoto aliyenakili mtihani."

"Ajabu," Tepe alisema.

"Wewe ulisema nini?"

"La mkasi. Ule ulioharibika."

Mama Pacha alimtazama muda mrefu kidogo. Kisha akasema ana nguo za kuanua, akavuka barabara peke yake.

Simu ilipigwa siku ya nne. Tepe amepata, aje Jumatatu kuchukua barua. Mama yake alipiga kigelegele kilichowatoa majirani nje, na kabla chai haijachemka mtaa mzima ulijua kwamba binti yake ni bosi. Watu walikuja kumpa mkono. Alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma, na chakula kilipotengwa alisema tumbo limejaa gesi. Jioni ukaja ujumbe kwenye simu: *Hongera.* Basi, neno hilo moja, kutoka kwa mwanamke ambaye akikutumia salamu inakuja na aya mbili.

Jumapili hakuvumilia. Alimkuta Mama Pacha uani anaanika viatu vya shule. Hakumkaribisha ndani, wala hakumfukuza.

"Nimekuja kukwambia kitu."

"Najua."

"Hujui."

"Nilijua kabla sijafika kwenye mlango wao wa kutokea. Watu wangapi wanaijua ile siku na walikuwa kwenye lile benchi?" Alipiga kiatu ukutani kutoa mchanga. "Wewe na mimi."

"Mbona hukuwaambia?"

"Niwaambie nini? Kwamba mwenzangu aliyetoka sasa hivi ni mwongo? Tuanze kugombania sare mbele ya watu? Halafu ningelazimika kusema na ni nani aliyechanganya majora. Sikukutaja kwa meneja, nikutaje kwa wageni?"

Tepe alitaka kuomba msamaha, alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, lakini hakuyasema. Alisimama tu pale, mikono imening'inia, mpaka Mama Pacha akamaliza viatu vyote na kuingia ndani.

Jumatatu alifika kiwandani saa mbili kasoro. Yule mama wa miwani alikuwa na barua mezani tayari, na kalamu juu yake. Tepe hakukaa.

"Lile jibu la sare si langu," alisema. "Ni la yule aliyeingia baada yangu. Alinisimulia wakati ananifundisha kujibu. Yeye ndiye aliyepeleka sare dirishani. Mnene... samahani, yule mzee aliyemuuliza amesikia wapi, alimuuliza mtu siye."

Yule mama hakushtuka kwa sauti. Alivua miwani ikaning'inia kifuani. "Na wewe siku hiyo ulikuwa wapi?"

"Kwenye meza ya kukata. Majora niliyachanganya mimi."

Nje mashine zilikuwa zimeanza zamu, na Tepe alitambua kwa mlio tu kwamba moja inahitaji mafuta.

"Kwa hiyo uliniambia kwamba hukumtaja mtu," yule mama alisema polepole, "na mtu huyo ni wewe."

"Ndiyo, mama."

"Nimefanya usaili miaka mingi. Watu huongeza chumvi, nimezoea. Hii sijawahi." Aliichukua barua, akaikunja mara mbili. Hakumpongeza kwa kusema kweli, na Tepe, ambaye kwa siri njiani alikuwa ametumaini kidogo, aliona aibu hata kwa tumaini lile. "Nenda nyumbani. Mwenzio tutamwita tena. Kama atakubali kuja."

Kumwambia mama yake kulikuwa kugumu kuliko kiwandani. Alimkuta amevaa vizuri, anasubiri kuisoma barua. Tepe alimweleza yote, bila kuruka kitu. Mama yake alisikiliza, akatoa hereni moja, kisha ya pili, akaziweka mezani.

"Nimewaambia watu wote," alisema mwishowe.

"Najua, mama."

"Basi utakwenda nami kuwaambia tena. Sitakwenda peke yangu."

Wakaenda, nyumba kwa nyumba, mama mbele, binti nyuma. Hakuna jirani aliyesema neno baya usoni mwao. Walisema "pole" na "kazi zipo nyingi," na baadhi yao walianza kuongea kabla mlango haujafungwa vizuri.

Mama Pacha aliitwa mara ya pili, akaenda, akapata. Siku ile jioni alikuja, akasimama mlangoni bila kuvua viatu.

"Nimepata. Nimeona nikwambie mwenyewe."

"Hongera. Kwa kweli hongera."

"Yule mnene aliniomba radhi. Kazi si kitu, Tepe. Ungeniomba lile jibu ningekupa, nikatafuta lingine, mimi maneno hayanipigi chenga. Kinachoniuma ni pale koridoni. Nilikuuliza, ukanitazama, ukasema ya kawaida."

"Nilikuona ukiingia na sikukuzuia," Tepe alisema. Msamaha aliomba hapo, kwa maneno mafupi, na Mama Pacha akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepokea mzigo ambao hajajua ataushusha wapi.

"Nimekusikia," alisema. "Lakini nipe muda."

Mwezi uliofuata Tepe alipata kazi kwa fundi mmoja mzee mwenye duka la suti. Usaili wake ulikuwa wa aina yake: mzee alimpa chaki, mkasi na yadi tatu za kitambaa, akamwambia "kata suruali," akaenda kunywa chai. Aliporudi alipima, akapima tena, akauliza anaweza kuanza lini. Hakumuuliza swali lingine lolote, na Tepe alimshukuru moyoni kuliko mzee alivyoweza kujua.

Duka liko kwenye barabara wanayopita wafanyakazi wa kile kiwanda wakitoka zamu. Saa kumi na moja huwasikia kabla hawajaonekana, na ndani ya kelele zao kuna kicheko kimoja anachokijua. Siku nyingine Mama Pacha huinua mkono kuelekea dukani. Siku nyingine hupita anaongea na wenzake bila kugeuka. Tepe huinama juu ya kitambaa, masikio yakimwaka, na husubiri mpaka wamepita wote ndipo aendelee kukata.