Furu Aliyekaangwa Kigongo

Kila aliyemuuliza Jovinary mkewe huenda wapi Jumapili baada ya misa, alijibiwa hivi: "Anakwenda kuangalia samaki wasioliwa." Jovinary alikuwa amepunguzwa kazi kwenye kiwanda cha pamba, mji mzima unahangaika kutafuta cha kuuza, na Celestina wake, muuguzi mzima, anajitolea kwenye chama cha kuorodhesha viumbe wa ziwa bila kupewa hata soda. Ilimuudhi kwelikweli.

Jumapili hiyo aliandamana naye hadi Kigongo, kwa sababu alisikia kutakuwa na chakula.

Majuma machache nyuma, Celestina alikuwa amemwona furu, samaki mdogo wa ziwani, mwenye mkia mwekundu kwenye majabali karibu na kivuko. Mwalimu Mutayoba, kiongozi wa chama, hakuwa amemwona furu huyo tangu sangara wajae ziwani na kuwamaliza wenzake. Wanachama wakongwe waliguna: yeye aliyejiunga juzi amwone samaki waliyemkosa wao? Ikaamuliwa mwalimu aende mwenyewe Jumapili hiyo, na asipomwona, taarifa ya Celestina ifutwe. Celestina alikosa raha wiki nzima. Alimtumia salamu Mama Akinyi, mwenyeji wao pale mwaloni Kigongo, wavuvi wanakoshushia samaki, kwamba akimnasa mmoja amtunzie mpaka wageni wafike.

Mama Akinyi alitunza kweli.

"Shikamoo, mama," alisema Celestina. "Yule samaki wetu yupo?"

"Marahaba. Yupo, mwanangu. Naweni kwanza."

Akaleta ugali na sahani. Juu ya sahani alilala furu mmoja, amekaangwa mpaka amekauka, kahawia kuanzia kichwa hadi mkia kama furu yeyote yule.

Wote wakainamia sahani kutafuta mkia mwekundu. Mama Akinyi akawatazama mmoja mmoja. "Mgeni anafunga safari kwa ajili ya samaki, nimpe mbichi?"

Jovinary alitaka kucheka, lakini aliona macho ya mkewe. Mwalimu akakohoa. "Dada Celestina, mimi nakuamini. Naweza kuandika kwamba nimemwona."

"Hukumwona, mwalimu," Celestina alisema taratibu. "Umeona kitoweo."

Kisha akamega tonge, akala, akamsifu Mama Akinyi kwa mapishi, na alimsifu kwa moyo mweupe.

Jovinary aliweka tonge lake chini. Kule kiwandani aliwajua wakubwa waliotia saini marobota ya pamba wasiyoyaona, wakalala usingizi. Huyu mwanamke alipewa alichokitaka mkononi, akakirudisha. Alimwonea fahari mpaka akajionea aibu. Akaomba chandarua, akakunja suruali yake ya kanisani, akaingia majini.

"Kichocho, Baba Jovina!" mkewe alimkemea, akimwita kwa jina la binti yao.

"Utanitibu."

Alichota na kuchota, akaambulia magugu.

"Warushie ugali," Mama Akinyi alisema kutoka juu ya jabali.

Akarusha. Furu wakaja wengi, wa kijivu, wa buluu, na katikati yao mmoja mwenye mkia mwekundu kama pilipili. Mwalimu Mutayoba alikuwa amelala kifudifudi juu ya jabali na shati lake jeupe, anatazama bila kupepesa. Alipoinuka alikuwa na machozi, na hakuyaficha.

"Nitaandika wawili," alisema. "Huyu na wa kwenye sahani."

"Mmoja, mwalimu," alisema Celestina. "Wa kwenye sahani hatujui alikuwa nani."

Jumapili iliyofuata jirani alimuuliza tena Jovinary mkewe anakwenda wapi. Hakupata nafasi ya kujibu. Celestina alishatangulia, na Jovinary alikuwa akimfuata mbio, chandarua begani.