Muzee Zéphirin Anakatala Ngombe kwa Heshima

Watu wa Kibumba walipotafuta mutu wa kuwasemea kwenye mazungumzo ya kusimamisha vita, walimuchagua muzee Zéphirin, sababu anajua kusema. Hapo njo walikosea. Yeye alikosea zaidi, maana aliwaamini.

Ilikuwa ndani ya oteli kando ya ziwa, Goma, viti laini mpaka magoti yanakaribia kidevu. Serikali huku, waasi kule, katikati mupatanishi, mama mumoja wa inchi ya mbali. Walikuwa wamefika kwenye sura ya mapatano inayosema malipo ya vita: ngombe zilizokuliwa, nyumba zilizochomwa, nani atarudisha. Bila ile sura, watu wa Kibumba waliokimbilia kambini wangerudi kwao kukaa juu ya majivu.

Mupatanishi akamupa muzee mikro ya kusemea, akauliza kama watu wake wanaomba walipwe.

Sasa, kwa milima ya kwetu, mutu akikuletea ngombe ya kuomba samahani, unakatala kwanza. Ukipokea mara moja, watasema njaa njo ilikutuma. Unakatala, anakubembeleza, unakatala tena, kisha unapokea ukiguna kama mutu anabebeshwa jiwe. Zéphirin akanyoosha koti, akasema kwa ile sauti yake ya harusi:

"Wakubwa, musijisumbue. Amani inatosha."

Akangoja wamubembeleze.

Walimupigia makofi. Serikali na waasi pamoja. Tangu vita ianze hawakuwa wamesikilizana vile. Muandishi wa mazungumzo akakata sura yote ya malipo kwa wino. Na Zéphirin, muzee wa akili, akapiga makofi kidogo naye, kwa adabu.

Inje, bibi yake Perpétue alimuuliza wamesema nini. Akaanzia mbali, kwenye mvua. Alipofika kwenye makofi, Perpétue alimuangalia kama mbuzi iliyokula kitenge ya misa, akapita walinzi, akaingia. Muzee akamufuata kama mukia.

"Mama," Perpétue akamuambia mupatanishi, "bwana yangu alikatala kwa heshima. Mimi heshima yangu iliungua pamoja na nyumba. Tunataka ngombe na mabati. Andika."

Mukubwa mumoja wa waasi akasema imekwisha, muzee alishasema.

"Kwetu bwana anafungua mazungumzo, bibi njo anafunga." Akakaa kwenye kiti cha bwana yake.

Mupatanishi akaomba karatasi mupya, wakaanza tena, ngombe kwanza. Zéphirin alibaki amesimama nyuma, ameshika kapu ya bibi yake. Kila walipouliza swali alifungua kinywa, na Perpétue, bila kugeuka, aliinua mukono. Muzee akafunga.