Nusu Juu ya Nusu

"Hivi huyo binti yako anayejumlisha namba zisizokwisha, jibu ataliona lini?" Jirani aliwahi kuniuliza hivyo huku akianika nguo, tukacheka hadi vibanio vikamdondoka. Asubuhi ya mtihani wa marudio kicheko kilinikimbia. Chuo kilishasema: akifeli tena, afungashe virago.

Nilikuwa nimetoka kusali nilipomkuta binti yangu mezani na baba yake mdogo, mwalimu wa hesabu aliyestaafu. Mume wangu alipofariki, shemeji huyu ndiye aliyemfundisha mwanangu kujumlisha kwa vifuniko vya soda, akamshika mkono hadi chuoni. Nyumbani kwetu neno lake lilikuwa msumari uliokwisha kugongwa.

Karatasi ilikuwa kati yao: moja, ongeza nusu, ongeza theluthi, ongeza robo, na kuendelea bila ukomo. Je, jumla yake itatulia kwenye namba moja, au itapaa tu?

"Inatulia," shemeji alisema. "Vipande vinapungua mpaka vinakuwa vumbi. Vumbi litajaza gunia gani?"

"Litajaza, baba mdogo."

"Ulifeli kwa ubishi huuhuu."

"Nilifeli kwa kuandika hivyohivyo unavyosema."

Birika lilikuwa mkononi mwangu. Niliogopa hata kulitua.

Mwanangu akazungushia namba duara. "Theluthi na robo zikikaa pamoja zinazidi nusu. Vipande vinne vinavyofuata, vinazidi nusu. Vinane baada ya hapo, nusu tena na zaidi. Nusu juu ya nusu, baba mdogo. Zitaisha lini?"

Shemeji aliinua macho kutoka kwenye karatasi. Alinigeukia mimi. "Shemeji, mwambie mwanao. Leo si siku ya kushindana na wakubwa. Akaandike inatulia, apite."

Shule yangu iliishia ya msingi. Katika karatasi ile nilizitambua nusu na robo tu. Lakini watu nimewasoma. Kidole cha mwanangu kilikuwa kimetulia tuli juu ya meza. Cha shemeji kilifuata yale maduara, kikafika mahali, kikarudi mwanzo, kikakwama palepale. Miaka yote nilimwambia mtoto huyu kwamba mkubwa hapingwi, kwa kuwa nilihofia tusije tukabaki wawili. Tulipotoka kumzika mume wangu waliniambia uchungu hupungua siku hadi siku, nami nikakaa nikisubiri uishe. Kupungua, umepungua.

"Mwanangu," nikasema, "kaandike unachokiona."

"Shemeji!"

"Uniwie radhi. Heshima yako iko palepale, na dua zangu hukutaja wewe kwanza. Lakini anayeingia kwenye chumba cha mtihani ni yeye."

Mwanangu aliinamisha kichwa. Shemeji aliinuka, akaitazama tena ile karatasi, midomo ikimchezacheza kama ya mtu anayehesabu. Kisha akaikunja taratibu, akaitia kwenye mfuko wa shati, akapita katikati yetu na kutoka.