Makabati Yaliyolazwa

Yudita alikuwa akipiga msasa mlango wa kabati wakati mtendaji Luka alipoingia karakanani na buti zake za mvua. Ilikuwa Alhamisi, Tunduma yote tope, malori yamepanga foleni hadi mlangoni kwao. Mbao za paina kutoka Mbozi zilikuwa bado mbichi.

"Fundi Anania, kesho mgeni rasmi anafungua darasa la chekechea. Tulisema makabati manne. Naona moja."

"Hilo la ulimi limekamilika, mtendaji." Anania, mume wa Yudita, akaonyesha kwa patasi jinsi ncha ya ubao ilivyochongwa kama ulimi ikazama kwenye tundu la mwenzake. "Haya mengine nipe wiki."

"Wiki! Piga misumari, bwana. Rangi ikishapita, nani ataona ulimi?"

"Mbao mbichi hizi. Zikikauka zinasinyaa, msumari unalegea. Na watoto wanaparamia."

"Basi niende kwa mafundi wa mtaa wa pili. Misumari wanayo tele."

 Unga ulikuwa umepanda bei tena wiki ile. Anania akaweka patasi chini, akachukua nyundo.

"Baba Shani," Yudita alimwita mumewe, Luka alipokwisha kutoka. "Shani wetu ndiye anaingia darasa hilo."

"Najua."

"Unajua, halafu?"

"Halafu tule nini?"

 Yudita alishika mbao, mumewe akapigilia. Kila msumari ulipozama, maji yalichungulia pembeni ya kichwa chake. Saa kumi makabati yote manne yalikuwa ya bluu, huwezi kuyatofautisha.

Wakayasukuma kwa mkokoteni hadi shuleni, njia nzima mashimo. Luka, aliyewasubiri huko, akacheka walipoyapanga ukutani.

"Ona! Lipi la ulimi, lipi la misumari? Hata wenyewe hamjui."

Kwao, kabati halikutoka karakanani kabla halijasukumwa: unashika pembe ya juu, unalivuta upande kama mtoto anayeparamia. Leo walikuwa wameliruka hilo, wote wawili, bila kuambiana.

Yudita akashika pembe ya kabati la kwanza, akavuta. Likatulia. Akavuta la pili. Likalia, pembe ikaachama, kidole kingepita.

"Wee mama, utalivunja!"

"Bora mimi kuliko mtoto."

Akalikumbatia, akalilaza chali sakafuni.

"Mgeni atasema nini?"

"Aulize kwa nini limelala. Nitakuwa hapa mlangoni asubuhi, nitamwambia mwenyewe. Hakuna mtoto anaingia likiwa limesimama."

"Fundi, mkanye mkeo! Kazi nyingine hupati kwangu, sikia!"

Anania alisimama, vidole vyake vya bluu vimening'inia. Kisha akaliendea kabati la tatu, akainama, akashika miguu yake.

"Mama Shani, shika kule juu. Taratibu, lisikuangukie."

Wakalilaza. Wakalaza na la nne. Likabaki moja limesimama, lile la ulimi.