Vidole Kumi na Vinne

…nane, tisa, kumi, kidole gumba kikajikunja, moja, mbili, tatu, na Febronia alikuwa ameinama vile vile alivyofundishwa, sikio limebana kipembe cha mti cha kusikilizia moyo wa mtoto, kipembe kimesimama juu ya tumbo la mama aliyelala kitandani, saa yake ameivua kifuani na kuilaza shukani ili mshale wa sekunde auone bila kuinua kichwa, dakika moja, dakika nzima bila kuiba, nne, tano, na barua ilikuwa mfukoni mwa gauni jeupe, kila akiinama inamkwaruza paja, sita, saba, barua ya kituo cha televisheni cha Dar, yenye nembo na mhuri, Sista Konsolata mkuu wa wauguzi aliisoma asubuhi akiwa amesimama, akaikunja kama ilivyokuwa, akamrudishia, akasema anataka jibu saa nane zamu ikiisha, ama unakwenda ama unabaki, mwanangu, nesi wa nusu sina pa kumweka, na sasa ilikuwa saa saba na dakika ishirini, nane, tisa, kumi, cha shahada kikajikunja, moja… hivi ndivyo walivyofundishwa chuoni, mwalimu wao wa ukunga aliwaambia siku ya kwanza kwamba moyo wa mtoto haumsubiri mtu amalize kusema thelathini na saba, ukisema thelathini na saba mtoto ameshapita, kwa hiyo hesabu mpaka kumi, kunja kidole, rudi moja, dakika ikiisha tazama vidole, kumi na viwili hadi kumi na sita mtoto hajambo, chini ya hapo kimbia kamwite daktari, na Febronia alikuwa hodari wa vidole kuliko darasa zima, mbili, tatu, nne, na huyu mama alikuwa anamtazama, anatabasamu, alijua bila hata kugeuza shingo, wanatabasamu wote, kadi yake imeandikwa Siwema, kijiji Mchombe, uzazi wa nne, amefika na lori la mpunga, miguu bado ina matope ya shamba, na muda si mrefu atauliza, kama walivyouliza wenzake wote wa wiki hii, nesi, ni wewe yule wa kwenye video?

Kwa sababu Ifakara televisheni yenyewe haikamati, mtu apande juu ya paa na waya wake atachoka bure, ila kuna aliyerekodi kipindi huko Dar akaleta kaseti, kaseti ikaonyeshwa kwenye banda la video nyuma ya soko, siku tatu mfululizo, watu wamekaa mpaka chini, na tangu hapo nesi Febronia wa wodi ya wazazi akawa mali ya kila mtu, tano, sita… au ni saba, alikuwa kidole cha ngapi, cha kati au cha pete, akatazama mkono, mkono haukumwambia kitu, na mshale ulikuwa umeshavuka nusu. Basi tena. Akangoja mshale urudi juu, akavuta pumzi, moja, mbili, tatu, na Jane ndiye wa kulaumiwa, Jane aliyesoma naye ukunga, walikutana Dar kwenye semina ya uzazi salama mwaka jana, jioni ya mwisho Jane akamwambia twende nikakuonyeshe kitu, kitu chenyewe kumbe Pazia la Mapenzi, kipindi cha kutafuta mchumba, na Jane alikuwa ameshamwandikisha jina siku mbili kabla, nne, tano, taa zile, mama yangu, taa kali kama za chumba cha upasuaji, na baridi ya ile mashine ya hewa, na pazia jekundu mbele yake, nyuma ya pazia wanaume watatu asiowaona, kazi yake awaulize maswali kisha achague mmoja kwa sauti tu, na yule wa kwanza alikuwa na sauti ya kujisikia, wa tatu anacheka ovyo, lakini wa pili… sita, saba, nane, wa pili aliposema habari yako dada, ilikuwa sauti nzito, imetulia, sauti ya katekista wa miaka sitini, na Febronia, binti aliyelelewa na bibi wa Kipogoro, ambaye goti lake linajipiga lenyewe mbele ya mkubwa, goti likajipiga, pale pale mbele ya pazia na mbele ya kamera, akasema shikamoo.

Ukumbi mzima ukalipuka, mtangazaji akaangusha karatasi zake, wa kwanza na wa tatu wanajipigapiga mapaja huko nyuma, na katikati ya kelele zote hizo ile sauti ikajibu kana kwamba wako wawili barazani, marahaba, hujambo? Hakumcheka. Ndiyo maana alimchagua, angemchagua hata pazia lisingefunguka, na lilipofunguka akatoka kijana mrefu, Pantaleo, fundi umeme wa Kidatu, mdogo kwake kwa miezi mitano. Tisa, kumi, kidole gumba, na siku zile za kwanza zilikuwa tamu, hawezi kusema uongo, zilikuwa tamu kuliko kitu chochote kilichowahi kumpata, Pantaleo akishuka na basi kutoka Kidatu Jumamosi, ametia wanja wa vumbi hadi kwenye kope, wanatembea mpaka kwenye reli kutazama treni ya Zambia ikipita, hawana la maana la kusema na wanasema mpaka jua linazama, moja, mbili, alikuwa anamweleza habari za mitambo, maji yanavyoingia, umeme unavyotoka, yeye anamweleza habari za watoto wanaotanguliza makalio, na kila mmoja alimsikiliza mwenzake kama vile ni hadithi. Siku hizo ndizo anazozililia. Si taa, si kaseti. Wiki tano au sita hivi, kabla kampuni ya sabuni inayodhamini kipindi haijaanza kumwita Pantaleo Dar kila mwisho wa wiki, kwenda kusimama jukwaani na kusema marahaba kwenye kipaza sauti, tatu, nne, na akirudi Kidatu usingizi unamkamata zamu ya Jumatatu, mkuu wake ameshamwandikia onyo, naye anaandika kwa mwandiko wake mzuri kwamba hilo lisikutie wasiwasi, nimeomba likizo bila malipo, omba na wewe, ndoa yetu wataipiga picha mwanzo mwisho, harusi bure, kisha miezi mitatu mikoani na gari la sabuni, kazi zipo, Febi, kazi zitatusubiri…

tano, sita, au ni kumi na sita, Mungu wangu, na barua ya kituo ilikuwa imesema wazi, kwa lugha ya heshima lakini wazi, kwamba kila mkoa lile tukio la goti litarudiwa, pazia litafungwa, yeye atapiga goti, watu watacheka, na hapo ndipo roho ilipokuwa inamkwama, kwa maana goti lile lilimtoka bila yeye kulituma, na mtu unarudiaje kitu kilichokutoka, na tayari limeshaharibika, juzi tu alipishana na mzee Raimundi karibu na soko, mzee anayemfahamu tangu hajaota meno, akainama akamwamkia, na mzee akasimama, akamwangalia, akasema mimi na wewe tumekuwa wa kuigiziana, binti? akaondoka bila kuitikia. Hakuitikia. Febronia alisimama pale na kikapu chake, watoto wa sokoni wanaitana, shikamoo huyo, shikamoo huyo, na alifika nyumbani akakaa kitandani na viatu, akalia kama mtu aliyefiwa, kwa sababu huku kwao binti ambaye shikamoo yake haiitikiwi anabaki na nini. Na Sista naye hakuwa mbaya, angekuwa mbaya ingekuwa rahisi, Sista alimwambia mimi sikukatazi kuolewa, olewa, ninachouliza ni nani atakaa na hawa kina mama mwezi wa tano, maana mwezi wa tano ndege wameshukia mpunga, familia zimehamia mashambani kuinga, kuwafukuza ndege hao, wajawazito wako huko bondeni juu ya madungu ya kulindia na manati na makopo yao, wanafika hospitali uchungu umeshakomaa, na wewe unalijua hilo kuliko nesi yeyote niliye naye. Analijua. Alianza kazi Mchombe, zahanati ya vyumba viwili, mwaka wa tisini na moja, na kila akichoka akili yake inarudi kule yenyewe, kwenye taa ya chemli, harufu ya pepeta wanayotwanga nje, kina mama wakimletea imefungwa kwenye jani la mgomba, ya moto, inanukia mpunga mbichi, na hakuna aliyemwita kwa jina, nesi tu, nesi, hodi nesi, na alipoweka sikio kwenye kipembe dunia nzima ilikuwa inafunga mlango, anabaki yeye na yule mdogo aliyeko ndani, anayekwenda mbio kama mtu aliyechelewa basi, na hakuwahi, hata usiku wa tatu mfululizo bila kulala, hakuwahi kupoteza hesabu. Alikuwa na furaha kule. Hakuwa anajua kuwa ndiyo furaha, alidhani ni uchovu.

Mshale ukafika juu. Dakika imekwisha, ya pili hiyo, au ya tatu, na vidole vyake viwili vilikuwa vimejikunja na vitatu vimenyooka, na kwa hakika havikumaanisha kitu chochote, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshavuta karatasi ya kufuatilia uchungu na kalamu imeshasogea kwenye mstari wa saa saba na nusu, na ilikuwa inaandika moja, inaandika nne, mia na arobaini, vidole kumi na vinne, namba nzuri, namba ambayo hakuna daktari atakayeiuliza, na sikio bado liko kwenye kipembe, na kule chini mtoto anakwenda, tu-tu-tu-tu, hajahesabiwa na mtu.

"Nesi," Siwema akasema, na sauti yake Febronia aliisikia kwa sikio moja tu, lile la juu.

Ndilo hilo sasa, akawaza, video, na akauandaa uso.

"Mbona leo hunikatazi kuongea?"

Hakuelewa. Akabaki ameinama. Siwema akasema pole pole, kati ya uchungu na uchungu, kwamba ameongea tangu alale pale, ameeleza habari za lori, habari za ndege kwelea mwaka huu walivyo wengi, habari za mama mkwe, na nesi anaitikia ee, ee, na zamani haikuwa hivyo.

"Hukunikumbuka, nesi. Mimi mama Nazari. Nazari ulimzalisha wewe, Mchombe pale, mwaka tisini na mbili. Ulikuwa mkali wewe, ukipima ulikuwa hutaki hata nihemee juu. Ndiyo maana nimemwambia mume wangu, mwingine simtaki, nipeleke Ifakara kwa yule mkali."

"Hujaniona kwenye video?" Febronia akauliza, na swali lenyewe likamtia aibu kabla halijaisha kutoka.

"Video ipi? Sisi tuko shamba tangu mwezi wa pili."

Na hapo kikamshika kitu, wala si huzuni, ilikuwa aibu, aibu safi, ya kazini, kwa sababu huyu mwanamke amepita zahanati mbili njiani, amekaa juu ya magunia na tumbo la miezi tisa, amelipita kila shimo la barabara ya Mlimba, akimfuata mtu ambaye leo amekaa hapa na sikio tupu na kumwandikia mtoto wake namba ya kubuni, nne ile bado wino wake haujakauka, na asingeulizwa na mtu, angeandika sifuri akaenda kitanda cha pili, na kesho angeandika tena, na gari la sabuni lingekuwa halijafika hata Morogoro. Alikuwa anadhani anachagua saa nane. Kumbe ameshaanza kuondoka siku nyingi, ameondoka yuko hapa hapa, ndani ya gauni jeupe. Akaikata ile namba mistari miwili, ikaonekana wazi kwamba imekatwa, akaandika jina lake pembeni kama sheria inavyotaka.

"Mama Nazari," akasema, "nisamehe. Sikuhesabu."

Siwema akanyanyua shingo. "Mtoto ana tatizo?"

"Sijui bado. Ninamsikia anakwenda vizuri, lakini sikumhesabu. Tatizo lilikuwa kwangu. Sasa nyamaza, usiongee, usihemee juu."

"Haya nesi," Siwema akasema, akalaza kichwa, na mara hii alitabasamu kweli.

Akangoja mshale. Sekunde kumi na moja, kumi na mbili za kungoja, na ndani ya sekunde hizo jibu la kumpa Sista lilikuwa limeshakaa mahali pake, halikuhitaji kufikiriwa, habebi goti lake kwenye gari la mtu, harudi mbele ya pazia, na jioni atamwandikia Pantaleo kwamba ndoa anaitaka, anaitaka sana, aje waifunge hapa hapa parokiani Jumamosi yoyote ambayo yeye hana zamu na mwenzake hana zamu, bila taa, na wakitoka wakatazame treni. Ikamuuma, maana alimpenda, na mtu aliyekwishazoea kupigiwa makofi huenda asione sababu ya kuja mahali ambapo hakuna wa kumpigia. Hakujua kama atakuja. Mshale ukagonga juu. Akabana sikio, na wodi nzima, na vitanda vyake na masufuria ya chakula cha mchana yanayogongana koridoni, ikafunga mlango, moja, mbili, tatu, mtoto ana haraka, ana haraka kweli, nne, tano, sita, naye akamfuata hatua kwa hatua, bila kuruka hata moja.