Joto la Kusimama

Kazi ya Waingereza ya kulima karanga ilipofungwa huko Nachingwea, vyuma vyake viliuzwa kwa aliyevitaka, na Fundi Yunusi akajipatia injini na magurudumu mawili mazito, yaliyolingana kama pacha. Akayapeleka Ruangwa, akajenga kinu cha kukamua ufuta chini ya paa la nyasi.

Mwanzoni kinu kilitumia gurudumu moja tu, nalo halikuwa na breki. Injini ikizimwa, liliendelea kuzunguka muda wa kuchemsha uji. Na siku moja likaidaka kaniki ya Mwantumu, mjane aliyeleta ufuta wake, likamvunja bega. Wazee wakakata shauri: ama gurudumu lisimame papo hapo, ama kinu kifungwe. Wangekuja kushuhudia Ijumaa, baada ya sala.

Basi Yunusi akalifunga gurudumu la pili likitazamana na la kwanza, akaupinda mkanda wake mfano wa tarakimu nane ili lizunguke kinyume, akazivika nyuso zote mbili turubai. Kando akatia mpini: ukivutwa, nyuso hukutana.

Aliyemsaidia ni Anselmo, Mkristo aliyelelewa misheni, mtani wake kwa kabila. Na katika nchi ile, neno la mtani, liwe tusi au maafa, hupokewa kwa kicheko.

"Hili laenda kulia, hili kushoto," Yunusi alieleza siku ya majaribio. "Mizunguko hiyo ukiijumlisha, hupati kitu. Lazima yatulie."

Wakayaendesha polepole. Yalikutana, yakashusha pumzi, yakasimama. Anselmo akaligusa turubai: lina uvuguvugu wa yai lililotagwa sasa hivi. Wakazidisha kasi mara mbili. Yalisimama vilevile, lakini safari hii Anselmo aliurudisha mkono wake mbio, kiganja kimewiva.

"Kasi tumeizidisha mara mbili tu. Mbona joto limeruka hivi?"

"Ngozi yako laini, mtani. Misheni mlizoea kubeba mishumaa."

"Kulia na kushoto vimefutana, nakubali. Na joto hili, fundi, ni la kulia au la kushoto? Limefutwa na nini?"

Yunusi akacheka hata akashika ukuta. "Kamuulize padri wako!"

"Ijumaa ni kasi kamili, mara tatu ya ile ya kwanza. Turubai limelewa mafuta, na juu ni nyasi. Utaungua, Yunusi."

"Na suruali yangu utairithi wewe!"

"Naapa kwa Mungu."

"Hapo ndipo utani unapokolea!"

Anselmo naye akajikuta anacheka, kwa kuwa kinywa chake kilikwisha zoea. Na kicheko hicho kikamtia hofu kuliko joto lenyewe. Jioni alikwenda kwa Ashura, mke wa Yunusi, akamsihi amzuie mumewe. Ashura akammwagia maji ya kuoshea mchele, akacheka pia.

Ijumaa wazee walisimama nje na kanzu zao nyeupe. Ndani alikuwamo Yunusi peke yake, na Anselmo mlangoni. Injini ikanguruma. Magurudumu yakazunguka hata yakawa kama ukungu wa chuma. Yunusi akapiga bismillahi, akavuta mpini.

Chuma kililia kilio ambacho Anselmo hajapata kukisikia. Ardhi ikatetemeka, na magurudumu yakasimama, yote mawili, kama neno lililokatwa. Nje wazee wakamhimidi Mola. Lakini mkanda ulikatika ukampiga Yunusi miguuni akaanguka, na baina ya zile nyuso mbili ukapanda ulimi mwekundu, ukaramba mafuta, ukashika nyasi kwa ndani.

"Moto!" Anselmo akawageukia wazee. "Njooni! Yunusi anaungua!"

"Mtani huyo!" akasema Mzee Swalehe, imamu wao, akijifuta machozi ya kicheko. "Haachi hata mbele yetu!"

Wakaangua kicheko wote. Anselmo hakungoja. Aliingia chini ya mvua ya cheche, akampata Yunusi nyuma ya magurudumu, nguo zikimwakia mwilini, akamshika makwapani.

"Yamesimama?" Yunusi akauliza kwa sauti ndogo.

"Yamesimama, fundi."

Akamburura hadi nje, nyuma yao paa likaporomoka. Alipomlaza miguuni pa wazee, kifua cha Yunusi hakikuinuka tena. Vicheko vilikoma kimoja kimoja. Mzee Swalehe akapiga magoti, akaweka sikio, akangoja. Kisha akamwinulia Anselmo uso uliopotewa na rangi.

"Sema, mwanangu," alimwomba. "Sema ni utani."