Mume wa Nyumba ya Kale

Msusi mmoja alikuwa na mume aliyeajiriwa katika nyumba ya kale kando ya mto. Kazi yenyewe ilikuwa kuvaa nguo za zamani na kuishi mchana kutwa kama mtumishi wa enzi hizo, ili wageni wajionee maisha yalivyokuwa. Sharti lilikuwa moja tu: mbele ya mgeni, asijitoe katika uigizaji hata iweje.

Jioni alirudi hoi, akajitupa kwenye kochi. Kikombe chake cha chai kilibaki sakafuni mpaka mkewe akiokote.

"Mgongo, mke wangu," alilalama. "Ungejua!"

Mama yake, aliyeishi nao, alikuwa mwepesi wa kumkingia kifua. "Muache apumzike. Mwanangu hakuzoea kazi za ndani tangu mdogo."

Msusi alimeza maneno mpaka koo likazoea. Naye alishinda amesimama kwa miguu yake miwili akisuka vichwa vya watu, lakini nani alimuuliza?

Jumapili moja alifunga kibanda chake cha kusukia mapema, akamchukua mama mkwe wakamwone mumewe kazini.

Waliingilia bustanini. Vitalu vya mboga vilinyooka kama vimepigwa rula, waridi zimepogolewa, gugu hata ulitafute kwa tochi hulioni.

"Yote haya analima mtu mmoja," alisema mwongoza wageni kwa majivuno. "Kuni anapasua yeye, maji anachota yeye. Mtamkuta mtoni."

Msusi akamhurumia mtu huyo, asimjue ni nani.

Wakashuka ngazi za mawe hadi ukingoni. Huko, kati ya wageni walioshika simu juu, mumewe alikuwa amechutama anasugua sufuria kwa mchanga. Anasugua kwelikweli, ndani na nje, mpaka mpini! Bakuli alizokwisha kuosha zilipangwa juu ya jiwe, zimepinduliwa zichuruzike maji.

"We bwana!" msusi akamaka.

Mume akainua macho, yakamtoka pima. Kisha akajikaza, akatoa sauti nzito ya kizamani. "Karibuni, wageni wa mbali. Mmevuka salama?"

"Salama ya wapi? Si mimi hapa?"

"Sikufahamu, bibi. Mke wangu yuko jikoni. Nimemwambia apumzike, vyombo nitamalizia mwenyewe. Maskini, kutwa kasimama, miguu inamuuma."

Wageni wakapiga makofi. Dada mmoja akasema kwa sauti, "Wanaume wa zamani, jamani!"

Msusi alihisi kichwa kinachemka. "Miguu inamuuma nani? Na hii yangu ni ya mbao?"

Mume akainamia sufuria kama hakusikia. Msusi akamgeukia mama mkwe, akitarajia kuambiwa amuache mtoto wa watu afanye kazi yake. Lakini bi mkubwa alikuwa amekodolea macho zile bakuli, midomo ameibana.

"We mtoto," akasema polepole, "mgongo umepona lini?"

"Mgongo gani, bibi kizee?"

Hapo ndipo alipoharibu.

"Bibi kizee nani? Mimi niliyekuzaa? Mpaka leo nakufulia soksi, namgombeza mkeo kwa ajili yako, kumbe unajua kuosha hadi mpini!"

"Huyu mama anaigiza balaa," mgeni mmoja akamnong'oneza mwenzake, akisogeza simu.

"Siigizi!" bi mkubwa akafoka.

Mume akatupa jicho huku na huku, akanong'ona kwa sauti yake mwenyewe, "Mama, tafadhali, tutaongea nyumbani."

"Tutaongea hapahapa, zamani hizihizi!"

Msimamizi akaja mbio, akawaomba kwa adabu wapishe wengine. Msusi hakuwa na nguvu za kumweleza. Akamshika mama mkwe mkono, wakapanda ngazi, bi mkubwa akiguna kila hatua.

Nyumbani bi mkubwa alipokea sahani mikononi mwa msusi, akairudisha kwenye beseni. "Leo huoshi kitu."

Mume alirudi giza likiingia. Alisalimia, akaitikiwa kwa mkato. Akasimama kidogo, akawatazama mmoja baada ya mwingine, akaenda jikoni bila kuambiwa. Maji yakasikika, kisha kabati likafunguliwa, likafungwa, likafunguliwa tena.

"Jamani," akaita, "sabuni ya vyombo inakaa wapi?"

Miaka tisa wanaishi nyumba hiyo. Msusi akafumba macho, akashusha pumzi, akafungua mdomo amwelekeze.

"Usimjibu," akasema mama mkwe.